Gari Lililozima Igawa

Baba Neema,

Kamwene. Nimeanza na salamu ya kwenu Kalenga ili usije ukasema nimekuandikia kwa matusi. Bahasha sijaifunga. Anayekuletea ni dada yako, wifi Eliza, na ninavyomjua, basi likifika Makambako tu atakuwa ameshaitoa na kuanza kusoma. Asome kwa nafasi. Mambo yetu mimi na wewe yameshapita midomo mingi tangu uondoke hapa, na haya nayo yapite.

Jumamosi wazee wenu wanakuja Ilomba kukuombea urudi. Wifi ameshanidokeza watakachosema. Watasema mwanaume hana kosa, kosa ni la gari. Watasema pikapu yenyewe ni ya siku nyingi, kila ikishuka Usangu inazima njiani, wewe ungefanya nini, na mwanamke mwenye akili zake havunji nyumba kwa sababu ya mashine. Mimi natakiwa nijibu mbele yao, unarudi au hurudi. Wifi anasema nikikataa hawatakuja tena kuuliza. Ndiyo maana nakuandikia mapema, kabla hawajakata tiketi.

Ila kwanza tukumbushane, maana lile gari tulilipenda sote wawili.

Unakumbuka lilivyozima mara ya kwanza. Neema alikuwa mdogo, tulimwacha kwa mama yangu Tukuyu, tukawa tunakwenda kwenu kuwaonyesha wazazi pikapu. Tulitoka asubuhi, baridi ya Uyole imetukaza vidole, mimi nimevaa sweta na juu yake nimejifunga kitenge changu cha kijani. Gari linavuta vizuri, wewe unapiga mluzi. Tulipopita Igurusi nikavua kitenge. Tulipofika Chimala nikavua sweta. Kabla ya kufika Igawa, jua limetukalia kichwani, injini ikanyamaza. Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilinyamaza tu, ukaliacha gari likajiburuza lenyewe mpaka pembeni ya barabara.

"Mafuta yameisha?" nikakuuliza.

"Mafuta yapo."

"Sasa?"

"Sasa tulia, Mama Neema, niangalie."

Uliangalia nini, Mungu ndiye anajua. Ulifungua boneti, ukatikisa waya huu, ukatikisa ule, ukapuliza mahali pasipohitaji kupulizwa. Yule mzee mfugaji wa Kisukuma, Mzee Masanja, alikuwa anavusha ng'ombe wake, akasimama kututazama mpaka akatuhurumia. Akasema gari la mkwe wake nalo lilikuwa hivyo hivyo. "Liache lipoe," akasema. "Hizi gari za kompyuta zikipata moto zinasahau kazi." Akatuletea maziwa mgando kwenye kibuyu, tukafunga turubai ubavuni mwa gari, tukakaa kwenye kivuli chake.

Ndipo ulipobandua kile kifuniko karibu na miguu ya abiria, ukagusa lile boksi la bati, ile kompyuta ya injini ambayo mafundi wanaiita kontrol boksi. Ukarudisha mkono haraka. Na mimi nikaligusa, kwa sababu wewe ulisema nisiguse. Liliniunguza vidole viwili. Nikachukua kitenge changu, nikakichovya kwenye mfereji wa mpunga, nikakikamua mpaka kikawa na unyevu tu, tukalifunika. Tulikaa pale tukinywa maziwa na kuwasema ndugu zetu mmoja mmoja, wa kwenu na wa kwetu, mpaka ukajaribu ufunguo na gari likawaka. Ulicheka ukasema, "Kumbe linataka kubembelezwa kama wewe." Nilikupenda sana siku ile. Nakwambia bila kuzunguka, sijawahi kukupenda kama nilivyokupenda pembeni ya lile gari bovu.

Kitenge kikabaki garini tangu siku hiyo. Kikawa cha boksi.

Baadaye ukaanza kazi ya kufuata mpunga Ubaruku na mimi nikawa nauza mchele Mwanjelwa, na habari ya gari kuzima Usangu ikawa jambo la kawaida nyumbani. Ulikuwa unachelewa, mara nyingine unarudi kesho yake. Na nilikuamini. Ningeachaje kukuamini? Ulikuwa unarudi umejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, shati limeganda mgongoni, kitenge kinanuka tope la mfereji. Nilikuchemshia maji ya kuoga kabla hujaomba. Neema alikuwa anajua, baba akirudi vile haulizwi kitu mpaka ale.

Mafundi wa hapa mjini tuliwazunguka wote. Mmoja alibadilisha plagi, mwingine akabadilisha koili, mwingine akaapa kwamba ni pampu ya mafuta na pampu ikabadilishwa. Kila mmoja alikuwa na kile kiwaya chake kilichokunjwa. Anafungua boneti, anakichomeka kwenye vitundu viwili vya kile kiboksi cha plastiki, halafu anarudi kwenye dashibodi kuhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza kwa mafungu, inataja ugonjwa. Ya kwetu ilikonyeza mfululizo, sawasawa, kila mara. "Gari zima hili, mama," wakawa wananiambia, na mimi nalipeleka nyumbani gari zima. Hapa kwetu baridi, boksi halikuwa na sababu ya kulalamika. Mimi mwenyewe nililiendesha Ilomba na Mwanjelwa na magunia nyuma, mvua na baridi, na halikunizimia hata siku moja.

Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Gari linazima kwako tu. Likija kwangu linakuwa mtoto wa shule.

Nilijikemea. Nilisema Usangu kuna joto, Mbeya kuna baridi, na siku ile ya Igawa nilikuwepo. Lakini kuna mambo mwanamke anayaona hata kama hataki kuyaona. Baada ya kipaimara cha Neema ukaanza kurudi msafi. Gari limezima, umelala humo humo, halafu unaingia mlangoni na shati limepigwa pasi, mkunjo umesimama kwenye mkono. Nikakuuliza pasi umeipata wapi. Ukasema shati ulilivua mapema ukalitundika, ndiyo maana halikukunjamana. Safari nyingine nikaenda garini kutafuta kitenge nikifue kama kawaida yangu, nikakikuta kimekunjwa mara nne, kikavu, kinanuka sabuni ambayo mimi situmii. Wewe hujawahi kukunja kitu tangu nikujue. Soksi zako nazikuta chini ya kitanda.

Nikaanza kukunusa, sikufichi. Nikaanza kukutazama unavyokula, kama una njaa ya mtu aliyelala njiani au kama unasukuma tu chakula kwa adabu. Nilitazama viatu vyako. Nilitazama simu yako inavyolala, kama imelala chali au kifudifudi. Nikawa mtu ambaye mimi mwenyewe nisingependa kukaa naye nyumba moja, na kila nikikuuliza, jibu lilikuwa lile lile.

"Gari lilizima."

"Wapi?"

"Si pale pale. Igawa."

Misimu miwili ya mavuno tuliishi hivyo, mpaka ile asubuhi. Ulikuwa umerudi jana yake, shati lako jeupe. Nilikuwekea chai na maandazi, nikakaa mbele yako, nikasema, "Baba Neema, lile gari halizimi." Hukukasirika papo hapo. Ulimaliza chai yako kwanza. Halafu ukatoa ufunguo ukauweka juu ya meza, karibu na sukari, ukasema, "Kama huniamini, baki nalo. Siku likikuzimia na wewe ndipo utajua." Ukachukua begi, ukaenda stendi, ukapanda basi la Iringa.

Hilo neno lilinitesa. Anayesema uongo hasemi hivyo, ndivyo nilivyojiambia. Anayesema hivyo ni mtu aliyechoka kutuhumiwa bure. Nimekaa na ufunguo ule muda wote huu nikiwa nusu nakuchukia na nusu natamani nikukimbilie Kalenga nikwambie rudi.

Kwa hiyo wifi alipokuja na habari ya wazee, niliamua jambo moja. Nililipeleka gari kwa fundi Ambilikile, yule fundi umeme wa nyuma ya soko la Mwanjelwa. Sikwenda kukutafutia kosa. Nilikwenda nikitaka uwe na haki. Nilitaka aniambie boksi ni bovu, halafu Jumamosi nisimame mbele ya wazee niseme mume wangu alisema kweli, mpigieni simu aje ale.

Fundi Ambilikile unamfahamu, mdomo haupumziki. Akaanza na kiwaya chake, taa ikakonyeza sawasawa kama siku zote, akasema pampu. Nikamwambia pampu imeshabadilishwa. Akasema basi koili. Nikamwambia koili nayo. Akakuna kichwa, akaniuliza linazimia wapi, na mimi nikamweleza habari ya joto la Usangu, boksi kuunguza na kitenge. Akanitazama.

"Mama, kwa nini hukuanza na hilo?"

"Hukuniuliza."

Akasema kama ugonjwa ni wa joto, basi joto tutalileta hapa hapa. Akaenda saluni ya jirani kuazima draya ya kukaushia nywele. Kulikuwa na dada nywele zake zimekauka upande mmoja, akalalamika mpaka mlangoni, fundi akamwambia avumilie, kuna mgonjwa. Akabandua kile kifuniko, gari linaunguruma, akaanza kulipulizia boksi. Alisema kwamba boksi kama ni bovu litazima muda si mrefu. Mimi nilisimama na pochi yangu kifuani. Boksi likapata moto mpaka ukiliweka mkono unautoa. Injini ikaendelea kuunguruma. Dada wa saluni akaja kudai draya yake, akaondoka nayo, na gari bado linaunguruma.

Nikasema moyoni labda draya haina nguvu.

Fundi akazima gari, akalichomoa boksi, akalifungua bati lake kwa bisibisi. Akalitazama, akaligeuza upande wa juani, akalitazama tena. "Mama," akasema, "hili limeshatibiwa."

Akanionyesha. Ndani kuna ubao wa kijani wenye vidude vingi, na kati yake kuna kapasita, vinafanana na vidumu vidogo vya mafuta. Akasema hizi gari za zamani, vidumu hivyo vikizeeka vinavuja, maji yake yanakula njia za umeme. Kukiwa na baridi boksi linajikaza na gari linatembea, joto likija njia zinaachia na injini inanyamaza. Ndiyo ugonjwa wetu, neno kwa neno. Lakini hivi vya kwetu vilikuwa vipya. Lehemu yake ilikuwa ya mkono mwingine, tofauti na ile ya kiwandani, na fundi Ambilikile akaisifu, akasema aliyefanya kazi ile anaijua kazi. Kisha akacheka.

"Sisi ubao tukishautibu tunaupaka rangi ya kucha, unyevu usiingie. Ila tunapaka ile isiyo na rangi. Huyu bwana kaweka ya sherehe."

Akanisogezea. Juu ya lehemu kulikuwa na rangi ya zambarau, ile nzito, yenye vimetameta vya dhahabu.

Baba Neema, niliomba kiti.

Unaijua rangi hiyo. Niliinunua kwa yule mama anayeleta vitu kutoka Tunduma, chupa moja tu, akaniambia imebaki hiyo. Niliinunua kwa ajili ya kipaimara cha Neema, nivae na kitambaa cha zambarau, maana tulikifanyia kwenu Kalenga, na huko nilitaka waone mama wa mtoto amependeza. Na asubuhi ile, nyumbani kwa baba yako, mkono wa kushoto nilijipaka mwenyewe, wa kulia ukanishinda, mkono wangu wa kushoto unatetemeka. Wewe ukasema lete. Ukakaa kwenye kigoda, ukanishika vidole kimoja kimoja, ulimi umetoka nje kwa kujitahidi. Neema akiwa na gauni lake jeupe akachungulia mlangoni, akasema, "Baba anapaka kama anapaka ukuta." Tulicheka mpaka mama yako akaja kuuliza kuna nini. Ulipomaliza ulifunga chupa ukaitia mfukoni mwa koti, ukasema watoto wa humu wataichezea.

Kesho yake Jumatatu ulichukua gari, ukasema unakwenda Iringa mjini kubadilisha brekipedi. Ulirudi jioni, ukanirudishia chupa yangu, nikaitia begini bila kuitazama. Tuliporudi Ilomba nikafungua begi langu nikaikuta chupa imefika nusu.

Nadhani umeshakumbuka kilichofuata. Wifi Eliza alikuwa amekuja na sisi, analala chumba cha Neema. Nikasema ni yeye. Nani mwingine? Nikamwambia mezani, mbele yako, kwamba mtu akitaka kitu cha mwenzake anaomba, haendi kwenye begi la mtu kama panya. Akaapa kwa jina la marehemu bibi yenu. Akalia. Akasema yeye hajawahi kupaka kucha tangu azaliwe, nimtazame vidole. Nikasema labda aliwapakia rafiki zake. Aliondoka asubuhi yake bila kunywa chai, na tulikaa muda mrefu hatusalimiani vizuri mimi na yeye. Wewe ulikuwa umekaa katikati yetu. Ulikuwa unakula ugali. Nilikutazama nikitaka useme neno lolote, la kunigombeza mimi au la kumgombeza yeye, na ulichosema ni kwamba mboga imezidi chumvi.

Ulikuwa unajua chupa ilikwenda wapi. Ulikuwa umesimama kwa fundi wa Iringa ukamkabidhi kwa mkono wako. Neno moja tu lingetosha, "Jamani, ile rangi niliitumia kwenye gari," na dada yako asingeitwa mwizi. Lakini ungelisema, ungelazimika kusema gari limepona. Na gari likipona, wewe ungekuwa unarudi nyumbani siku ile ile.

Hata hivyo nilikupa nafasi nyingine, sijui kwa nini. Nilimwambia fundi, labda lilitibiwa halafu ugonjwa ukarudi. Akasema inawezekana, kazi ya mikono haina uhakika. Akasema dawa ni kulipeleka kwenye joto lenyewe, siyo la saluni. Akalirudisha boksi mahali pake.

Basi Alhamisi nimekwenda Igawa. Peke yangu. Nimeondoka Ilomba na sweta, nimelivua Igurusi. Kitenge cha kijani nimekiweka kwenye kiti cha abiria. Nilichagua adhuhuri makusudi. Nimeshuka mpaka Ubaruku, nikazunguka, nikarudi mpaka pale pale tulipofunga turubai, nikaegesha, nikapandisha vioo vyote, nikaacha injini inaunguruma. Nikangoja.

Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu. Niligusa boksi, linaunguza. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naliomba gari lizime. Nilisema kwa sauti, mtu mzima mimi, nimeshika usukani, "Zima. Zima basi, nimrudishe huyu mtu nyumbani." Nilisema na Mungu pia, nikamwambia siombi kitu kikubwa, mashine tu inyamaze. Mshale wa mafuta ukawa unashuka na injini haikosi hata pumzi moja.

Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma akaja akagonga kioo. Aliona gari limekaa sana.

"Dada, gari imezima?"

"Hapana," nikamwambia. "Ndiyo shida."

Hakuelewa, akanipa hindi, nikala nalia. Nimelia kutoka Chimala mpaka Igurusi. Inyala nimesimama nikavaa sweta, nikanawa uso, nikaja nyumbani.

Sasa nakuandikia nikiwa sebuleni, na nakwambia ninavyojisikia. Sijui nani anapiga pasi mashati yako. Nimeshampa majina yote ya kike ninayoyajua. Nimeshamwona kila mahali, kila mwanamke wa Ubaruku anayeleta mpunga Mwanjelwa namtazama vidole, namtazama anavyokunja khanga, nasema labda ni huyu, anakunja mara nne. Labda hata hakuna mwanamke. Labda ulikuwa unatafuta tu mahali pa kulala ambapo hakuna mtu wa kukuuliza, na hilo lingeniuma vile vile. Nakushuku hata kwa mambo uliyonifanyia kwa wema. Zile safari ulizoniletea samaki wa mtoni, nauliza nani aliwachagua. Ile siku uliniuguza malaria, nauliza ulikuwa unafidia nini. Umeniharibia mpaka yaliyopita, na hilo ndilo siwezi kukusamehe kwa haraka.

Siku ya Igawa tu ndiyo imebaki. Siku ya maziwa ya Mzee Masanja. Ile najua ilikuwa kweli, kwa sababu boksi nililigusa kwa mkono wangu na likaniunguza.

Wifi Eliza, najua uko hapa kwenye ukurasa huu, ama umeshapita Makambako ama unakaribia. Niliyokuambia mezani kwangu siku ile hayakuwa ya kweli, na Jumamosi nitasema hivyo mbele ya wazee wale wale uliowaomba waje kumtetea huyu. Huna haja ya kushuka njiani. Endelea na safari, mpelekee barua yake, umtazame anavyoisoma.

Baba Neema, waambie wazee waje. Mchele upo, na kuku wapo, hakuna atakayesema nimewakosea heshima. Watakuta viti vimepangwa. Watakuta gari uani, na safari hii litakuwa limezima kweli, kwa sababu boksi nitakuwa nimelichomoa na litakuwa juu ya meza, bati limefunguliwa, ubao unaonekana. Karibu yake nitaweka ile chupa. Ninayo bado. Imebaki nusu vile vile, sikuipaka tena baada ya ile kelele.

Na wewe uje nao. Usijifiche nyuma ya wazee. Uingie, kabla hujakaa ushike lile boksi, umwambie dada yako rangi yangu ilikwenda wapi. Mwambie yeye kwanza. Kisha uniambie mimi shati lilikuwa linapigwa pasi na nani, au kama lilikuwa linapigwa na wewe mwenyewe, uniambie kwa nini. Ukisema, sijui nitajibu nini. Sikuahidi kitu, nakuahidi kusikiliza tu. Usiposema, usikae kwenye kiti changu.

Na neno gari usilitaje. Nimelisikia vya kutosha.

Neema sijamwambia lolote. Anapiga simu kutoka chuoni ananiuliza baba anarudi lini, namwambia muulize mwenyewe.

Wasalimie Kalenga wote, mama yako hasa, mwambie nguo ya kitanda aliyonifumia naitumia.

Mkeo mpaka Jumamosi,

Mama Neema